Namba 214 kati ya 500

Baba hakuwahi kumiliki gari hata moja
kati ya yale aliyoyatia mlango.
Hilo liandikwe kwanza.
Miaka kumi na mmoja, South Bend, Indiana,
mlango wa kushoto, bawaba mbili, skrubu sita,
unaubamiza, unategа sikio,
ukilia vibaya unalegeza, unaanza upya.
Sisi nyumbani tulipanda basi.

Desemba ya sitini na tatu kiwanda kikafungwa.
Alirudi na glovu zake ndani ya mfuko wa karatasi,
akazitundika msumarini, katika gereji isiyo na gari,
na neno hakulitoa hadi Pasaka.

Vigari vilianza kuja nikiwa mtu mzima,
kwa posta, kimojakimoja,
vya chuma, vizito kuliko unavyodhani,
vimelazwa kwenye sifongo kama mayai.
Na cheti chenye mhuri: toleo maalumu,
mia tano tu, kisha kalibu ikavunjwa.
"Kalibu ikavunjwa," Baba alirudia,
kama mtu aonjaye supu akitafuta chumvi.

Mama, Leokadia, alivipangusa kwa brashi ya poda
kila Ijumaa, kabla ya kukaanga samaki.
Aliuliza bei. Baba alitaja nusu.
Mama alijua kuzidisha kwa mbili.

Halafu ikaja ile Studebaker ya hamsini na saba,
mapezi nyuma, rangi ya siagi.
Boneti ilifunguka. Buti ilifunguka.
Usukani ulizungusha matairi,
mlango wa kulia ukatii ukucha.
Wa kushoto, hapana.
Rangi ilikuwa imeuziba.

"Warudishie," alisema kaka yangu Thaddeus,
"na usiuguse, utashusha thamani."
Baba akavaa miwani juu ya miwani.
Usiku tatu, wembe, taa ya cherehani,
pumzi ameibana mpaka Mama akamfokea: "Hema, Florian!"

Ulipoachia, hakushangilia.
Aliufungua, akaufunga,
kigari kikiwa kimegusa sikio lake.
Tk.
Mara ya pili. Tk.
"Bawaba ya chini," akasema, "imelegea,"
akalala usingizi wa mtu aliyemaliza zamu.

Juzi alikuja mnunuzi kutoka Fort Wayne
na kioo cha kukuzia na glovu nyeupe.
Thelathini na saba alivichukua bila kubishana.
Hicho alikigeuzageuza, akaona mkwaruzo
mwembamba kama unywele kwenye ukingo wa mlango.
"Hiki nitakupa robo."
Nikamtajia bei ya gari zima, la kweli, la barabarani.
Alicheka. Mimi sikucheka.

Kiko dirishani, juu ya sinki,
bila sanduku, bila cheti, na mvuke wa vyombo unakipata.
Nikipita usiku naufungua, naufunga.
Ni kweli.
Bawaba ya chini imelegea.