Msumari wa Inchi Nne

Alfajiri Newala ukungu hauna hodi.
Unapita chini ya bati, unalala juu ya meza ya chuma,
na nikizembea siku mbili
meza inaota kutu, rangi ya majani ya chai.
Basi naamka na kipande cha kanga chakavu
na kipande cha mshumaa. Nasugua. Nasugua
mpaka ubao ukiwekwa uteleze wenyewe
kama mtoto kwenye sakafu iliyodekiwa.

Niliinunua kwa malipo ya pili ya korosho,
mwaka ule wenzangu walipovuta pikipiki.
Asumini hakusema neno:
alitenga chakula, akaenda kulala, uso ukutani.
Mota ya mtumba, mkanda wenye ufa,
fremu alinichomelea Likapa, fundi mageti,
mguu mmoja mfupi. Hadi leo nauwekea kigae.

Naijua kwa sikio.
Beringi ikikauka inapiga mbinja nyembamba, ya kuitia mbwa.
Mkanda ukilegea unapiga makofi.
Na jioni, mtaa mzima ukiwasha taa na pasi,
umeme unanywea, mota inanguruma haizunguki,
inachemka tu, kama mtu mwenye hasira asiye na hoja.
Hapo nazima. Ugomvi huo si wangu.

Chomoa waya kwanza, ndipo uguse meno.
(Kidole hiki kifupi ndicho kilichonifundisha.)
Mikono mirefu ya shati, kunja.
Ukipitiwa na mtu usiitikie salamu,
salamu itasubiri, damu haisubiri.

Juzi akaja Somoe, mimba ya miezi saba,
nyuma yake mkokoteni na kitanda cha bibi yake.
"Tendegu limevunjika," akasema, "lakini mbao ni mkongo.
Nitolee kitanda cha mtoto."

Nilikitambua kabla hakijashushwa.
Kazi yangu ya kwanza, ya mkono mtupu,
kabla nguzo za umeme hazijafika Luchindu.
Nilikuwa na miaka ishirini, na mdomo mkubwa kuliko randa:
kitanda cha Bakiri, nilitangaza sokoni,
hakina msumari hata mmoja,
ni ulimi na tundu, ulimi na tundu,
kinabeba bibi na bwana na ugomvi wao.

Nikawasha. Ubao ukaingia vizuri,
unga mwekundu ukaruka, na ile harufu,
harufu ya miaka ishirini na tisa iliyofungiwa ndani.
Halafu kaaach!
Cheche. Yowe. Ubao ukanirudi kifuani.
Nikachomoa waya, mikono inatetemeka.

Meno matatu yamepinda, mawili hayapo.
Na ndani ya mkongo, kinang'aa kilipokatwa,
msumari wa inchi nne,
kichwa kimezamishwa, kimefunikwa kwa gundi na unga wa mbao,
kikapigwa msasa hadi usiujue.

Nikakumbuka. Kiungo kilikuwa kinacheza.
Harusi ilikuwa Jumamosi.
Niligonga usiku, nyundo nimeifunga kitambaa
jirani asisikie.

"Kuna nini?" Somoe akauliza.
Nikasema, mbao za zamani zina mambo.
Asumini alikuwa anapita na ndoo ya unga wa mbao,
anaupeleka bandani kwa kuku.
Hakusimama.
"Na mafundi wa zamani," akasema.

Msumeno mpya ni nauli ya Masasi na bei yake juu.
Kwa hiyo nimekaa kizingitini na tupa,
jino kwa jino, hili kulia, hili kushoto,
na yale mawili yasiyokuwepo
yananiachia pengo la kuhesabia.
Kando yangu, kwenye kamba, sumaku ya spika mbovu.
Kesho nitaipitisha juu ya kila ubao wa kile kitanda,
polepole,
kama mtu anayepapasa mfuko wake mwenyewe
akiogopa atakachokikuta.