Ajikunapo Mwanakombo

Chumba namba saba, hospitali ya mkoa, Tanga.
Pangaboi linagonga kila likimaliza mzunguko.
Mwanakombo binti Sechonge amekaa ukingoni mwa kitanda,
kakishika kiwiko cha kulia
kama aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Miaka kumi na tisa nimeanika katani.
Singa mbichi, nzito kama nywele za aliyezama,
juu ya waya, juu ya waya, juu ya waya.
Sasa hata mtandio nafungwa na mjukuu,
na wifi yangu wa Pongwe kasema ni upepo mbaya."

Siupingi upepo. Naomba ruhusa, natoa kalamu,
namchora mgongoni.

Hili, nasema, ni kombe la bega.
Anacheka: "Basi mimi na ugonjwa wangu tumepewa jina moja."
Naam, na kombe lako limekwenda kombo.
Halikupigiliwa wala halina bawaba,
linaelea juu ya mbavu, nyama zimelivuta pande zote
kama turubai la harusi na kamba zake:
ilegee moja, wageni wote wanainama.

Msuli huu mpana umeshuka kutoka ukosini,
ndio unaopandisha mabega ukiulizwa usilolijua.
Huu umeanzia kiunoni, ukapanda, ukajisokota,
ukaingia kwapani kuufuata mkono;
ndio uliovuta mizigo yako kwenye toroli.
Na huu wa ubavuni una meno ya msumeno,
umeng'ata mbavu moja moja. Ukichoka,
kombe hutokeza kama bawa la kuku aliyenyeshewa.

"Na panapouma?"

Pamefichika.
Chini ya ule mnene wa begani,
wanaoutunisha vijana wa kunyanyua vyuma kule Ngamiani,
wako wanne wadogo, hawana sifa.
Wao hukishika kichwa cha mfupa
kisiteleze kutoka kwenye kikombe chake,
ambacho, kusema kweli, ni kisahani.
Mkubwa huinua. Wadogo husema: taratibu, papa hapa.
Ukano wa yule wa juu hupita kati ya mifupa miwili.
Kila singa uliyoitundika iliusugua kidogo.
Kamba hukatikia pembamba.

Ananyamaza. Kisha:
"Hao wanne nawajua.
Korona yetu alisifiwa meneja.
Siku Chamhingo mpaka grisi alipolala na homa,
saa tatu asubuhi mashine ikala mkanda."

Nikaliandika hilo kwenye faili, mahali pa vipimo.

Vuta pumzi. Kiwambo kinashuka, mbavu zinafunguka.
Tumboni misuli imelaliana kama miyaa ya mkeka,
mmoja hivi, mwingine umeukatiza,
na wa ndani kabisa umezunguka kama mkaja wa mzazi.
"Mkaja nimefungwa mara sita," anasema.
Basi huu hujifunga wenyewe.
Kabla mkono haujaenda popote, huu umeshakaza.

Nikampa ukanda wa mpira wa baiskeli, aufunge kwenye komeo.
Vidole vipande ukuta kama mjusi,
na kila Ijumaa alama ya mkaa.
Wiki ya pili, swichi ya taa.
Wiki ya tano, swichi ya taa.
Akanitukana kwa Kibondei, nikaelewa nusu,
nusu iliyobaki nikaikisia.

Wiki ya kumi na nne hakusalimia.
Aliingia, akanipa mgongo,
akapeleka mkono wa kulia nyuma,
ukapanda pingili kwa pingili
hadi pale nilipochora siku ile.
Akajikuna.
Alijikuna kwa muda mrefu, macho kayafumba,
na mtandio, aliojifunga mwenyewe, ukamwanguka.

"Mtu hujikuna ajipatapo," akasema.
"Hapa sikujipata miaka miwili."

Akaokota mtandio, akavaa ndara, akafika mlangoni.
"Na ule waya, mwanangu,
hauna zoezi la kuushusha?"