Alama ya Chokaa

Usiisimamishe, anasema Leontien.
Ibebe ilivyolala, kama mtoto mchanga
aliyesinzia kifuani na hutaki aamke.
Ngazi za kutoka chini ya nyumba ni kumi na moja,
ya tisa imevunjika. Naitafuta kwa kidole cha mguu.

Chupa ina vumbi la miaka ishirini na miwili
na mstari mmoja wa chokaa,
kuonyesha ubavu uliotazama dari
siku Odiel alipoilaza.
Kando yake, kwa chaki, herufi moja: F.

F ni Fons, mdogo wake.
Waligombania pipa. Pipa!
La mwaloni, kuukuu, la muuza divai,
kila mmoja akiapa ndiye aliyelilipia.
Tangu hapo wakawa wanapishana mlangoni mwa kanisa la Gooik
kama treni mbili, kila moja na reli yake.

Leo Fons amekaa mezani, kofia magotini.
Odiel tumemzika Jumanne.
Fons hajalia. Amekula figili tatu
na mkate wa jibini nyeupe,
amesema mvua itakuja.

Kizibo kinatoka kikinung'unika,
nusu yake inanivunjikia mkononi.
Kisha pumzi, fyuu,
ya usiku ule wa Januari
walipofungua madirisha ya darini
wakayaacha maji ya ngano na shayiri yapoe
katika sinia la shaba, pana kama chumba,
wasitie hamira, wasitie chochote,
wakingoja kile kisichoonekana
kipande kutoka bonde la Zenne
kiingie chenyewe, bila hodi.
Buibui hawakuguswa.
Walinzi wasiodai mshahara, Odiel aliwaita.

Namimina polepole, chupa ingali kikapuni.
Rangi ya shaba iliyosahauliwa kusuguliwa.
Povu linafika, linasalimu, linaondoka.
Pua kwanza:
ngozi ya tandiko la farasi, nyasi kavu, ganda la limau,
na nyuma kabisa
sebule iliyofungwa tangu bibi afe.

Halafu ulimi.
Yesu wangu, anasema Leontien.
Inauma pembeni, inafinya mashavu,
jicho moja linafumba bila ruhusa.
Ukishaacha kupigana nayo
inakupa tufaha lililokaa droo moja na barua.
Utamu? Hapana.
Si sukari, ni kiti ilichokalia sukari
kabla ya kuondoka.

Mvumilivu hula mbivu, husemwa.
Huku mvumilivu hunywa chachu,
na hushukuru.

Fons anainua glasi, anaitazama dirishani.
"Ya mwaka mmoja, ya miwili, ya mitatu.
Kazichanganya zote.
Ya mitatu imetoka kwenye lile pipa."
Hakuna aliyemwambia.

Saa ya ukutani inajisemea.
Leontien anafuta meza iliyo safi.

"Bado mkali," anasema Fons.

Hakusema kali, kama mtu asemavyo juu ya bia.
Alisema mkali,
na sote watatu tuliisikia ile m
ikivuta kiti, ikikaa.

Adabu ya huku ni kuyaacha mashapo chupani.
Nilikwisha kuirudisha kikapu chake ukutani
Fons aliposukuma glasi mbele,
bila kunitazama:
"Na hayo ya chini.
Nimiminie na hayo."