Faili la Harphul

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia.
Nilifika darasa la tisa; yeye hakufika lolote,
ila kila ofisi ya Jaipur aliijua mlango wake wa nyuma
na jina la anayechemsha chai humo.

"Andika, Kesar," husema, amekalia ndoo iliyopinduliwa.
"Kwa Mheshimiwa Diwani. Sisi wakazi wa Bonde la Chokaa,
kaya mia mbili na themanini..."
Tulikuwa mia na arobaini.
"Serikali ina chongo," husema. "Ioneshe viwili, itaona kimoja."

Kisha muhuri. Anaupumulia kwanza, haaa,
kama mtu anayefuta miwani,
halafu, ta! Wino wa zambarau:
Kamati ya Maendeleo. Kamati ni yeye,
dole gumba lake, na mwandiko wangu.

Faili lilikuwa la plastiki, limebeba miaka kumi na mmoja:
barua ya bomba, fotokopi ya barua ya bomba,
fotokopi ya ile fotokopi,
na picha yake na waziri mdogo,
mashada ya manjano hadi masikioni,
waziri akitazama saa.
Mtaro ukifurika huokoa faili, kisha mbuzi, kisha mkewe Dhapu.
Dhapu mwenyewe hutusimulia haya akicheka,
lakini si sana.

Tusimwonee.
Usiku ule transfoma ilipolipuka
na waya kudondokea bati la akina Moolchand,
nani alikwenda peku hadi kwa injinia,
akagonga geti mpaka mbwa wa matajiri wakapaza sauti?
Mtoto wa Naraini alipopata dengi
hospitali ilisema vitanda vimekwisha.
Harphul akanong'ona jina moja.
Kitanda kikapatikana.
Kabla ya jina hilo kilikuwa wapi?
Hatukuuliza. Tulishika miguu ya mtoto, tukambeba.

Bei haikuandikwa popote, nasi tuliijua.
Kadi ya mgao, rupia hamsini.
Mkutano wa hadhara, kila nyumba watu wawili:
lori linakuja saa nne, unapewa puri na viazi,
unapiga makofi akipiga yeye.
Na siku ya kura, ukitoka na wino kidoleni,
yuko nje ya geti. Hasemi kitu.
Anakohoa tu, nawe unajua umehesabiwa.

Mwaka huo upande wetu ulishindwa.
Boza la maji likaacha kushuka bondeni.
Lilipita juu, kwenye lami, kuelekea kwa Nizam ng'ambo ya reli,
likivuja,
na watoto wetu nyuma yake na makopo
wakikinga mvujo.

Siku ya tisa niliandika barua yangu mwenyewe.
Kaya mia na arobaini. Nilizihesabu, mlango kwa mlango.
Karani aliigeuza, akatazama mgongo wake mweupe.
"Muhuri uko wapi?"
Hauna.
"Nani amekutuma?"
Kiu, nikasema.
Akacheka vizuri, bila ubaya,
akaiweka chini ya kikombe chake ili chai isichafue meza.

Jioni Harphul alirudi na skafu mpya shingoni,
rangi ya wale tuliokuwa tukiwazomea.
Kesho yake boza likashuka.
Maji yalinuka mpira. Tuliyanywa.
Hakuna aliyeitaja skafu;
Dhapu aliifua, akaianika karibu na ile ya zamani
ambayo hakuitupa.

Jana usiku kuna aliyebisha kwangu, si kwake.
Phooli, mjane wa fundi matofali, mpya mtaani.
Ameambiwa mimi najua kuandika.
Hakuuliza kama naandika vizuri.
Aliuliza, "Dada, unamjua mtu?"

Nikawasha taa.
Nikamuuliza kwao wako wangapi.
Wanne, akasema.
Nikaandika wanane.