Walinda Lango

Hawakunichagua kwa kuwa najua mpira.
Walinichagua kwa kuwa nina filimbi.

Kocha Amukoye alipopata kazi Qatar
akaacha watoto kumi na tisa na mpira mmoja na nusu
(ule wa pili hujazwa asubuhi, adhuhuri umeshasinyaa),
Kerubo wa kibanda cha M-Pesa akaangaza macho kikaoni
akaiona ikining'inia shingoni mwangu,
mimi niliyepita tu kununua tokeni za stima.
"Huyu hapa. Ana filimbi, na Jumamosi halali."
Kulala nilikuwa nalala. Sikupewa nafasi ya kusema.

Basi Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu,
natoka godauni la Barabara ya Enterprise,
rungu nimemwachia Lokorio wa zamu ya mchana,
sare ya kampuni bado mwilini,
navuka reli kuingia Mukuru
hadi kiwanja kilicho chini ya nyaya kubwa za umeme,
ambako nyasi ziliota mara moja, zikajuta.
Lango moja linatazama kiwanda cha biskuti,
la pili linatazama mto na uvundo wake.
Watoto hupenda kushambulia kuelekea biskuti.

Siku ya kwanza nilipuliza.
Usiku nikipuliza, maana yake mwizi:
mbwa hubweka, taa huwaka, mtu hunikimbia.
Hapa walikimbia kuja.
Kumi na tisa, na vumbi lao,
wakasimama mbele yangu wakihema, wakingoja neno.
Sikuwa na neno.
Nikasema, "Kimbieni tena."

Ofsaidi nilifunzwa na Halake, miaka kumi,
kwa vizibo sita vya soda.
"Kocha, huyu amepita kabla mpira haujapigwa. Umeelewa?"
Nimeelewa.
Akanitazama, akavipanga upya vizibo.
"Hujaelewa."

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho.
Kasiva wa langoni alikuwa akifungwa na kila aliyejaliwa mguu.
Nikamwita kando. Milingoti yake ni sweta mbili za shule;
langu mimi lina vyuma, na kufuli la kilo nzima.
"Wewe na mimi kazi yetu moja," nikamwambia.
"Usimtazame macho. Macho hudanganya, hata ya jirani.
Tazama bega.
Bega likishaamua, mguu hauna ruhusa ya kukataa.
Na usisinzie kwa sababu kumetulia.
Kukitulia sana, ndipo."

"Wewe hujawahi kufungwa, kocha?"

Mara mbili, nikamjibu. Ya pili waliondoka na katoni arobaini za sabuni;
nilizilipa kwa mshahara wa miezi mitatu.
Akatikisa kichwa polepole,
kama mtu aliyekutana na wa ukoo wake mjini.

Timu ya Imara Daima ilikuja na soksi zinazofanana.
Tulifungwa tano.
Baba mmoja akauliza, kwa sauti ya kusikika,
ikiwa askari wa godauni ndiye aliyebaki Nairobi nzima.
Bao la tano lilikuwa penalti.
Kasiva alienda upande uliofaa. Mpira ukamlamba vidole, ukaingia.
Akainuka na mchanga mdomoni, akanitafuta kwa macho pembeni,
akajigonga bega mara mbili, akicheka.
Nami nikajigonga langu, nikiwa na filimbi kinywani,
ikalia bila kukusudia,
na refa akasimamisha mchezo.

Usiku huu mvua ni ya rasharasha. Kitabu cha matukio kipo magotini.
Saa nane: hakuna tukio.
Saa tisa: lori limepita, halikusimama.
Saa tisa na robo: Halake ahamie kushoto.
Kasiva atafutiwe glavu, hata za jua kali.
Saa kumi: shwari.

Asubuhi msimamizi atatia sahihi chini yake
bila kusoma, kama kawaida.