Barua ya Kukataa

Mara tatu niliomba, mara tatu nikajibiwa
kwa barua yenye nembo ya mti wa dhahabu:
"Tunasikitika. Maombi yalikuwa mengi mwaka huu."
Sikujua ni nani anayesikitika.
Saini ilikuwa mparuro wa kuku,
na ofisi yao iko London, ghorofa ya saba,
mbali na hapa Hull, mbali na mvua yetu.

Nilikuwa nimeomba pauni mia sita.
Nikodi ukumbi kila Jumamosi,
watoto wasome lugha ya mama zao,
maana wangu alishaanza kulitamka jina langu
kama mwalimu wake wa darasa la pili.
Fomu ikasema: eleza matokeo yanayopimika.
Nikakaa nayo jikoni hadi usiku.
Nipime kwa nini? Kwa kibaba?

Sasa hao hao wamekuja, makoti yamelowa,
wakasema: pesa ya mtaa, mtaa uamue.
Watu tisa. Pauni elfu arobaini.
Sisi hatupigi kura, wakasema, sisi tutachemsha chai.
Na kweli walichemsha. Chai yenyewe
maji ya moto yaliyoonyeshwa majani.

Tulikaa chumba cha nyuma cha maktaba:
Denise Garbutt, aliyepasua samaki kiwandani miaka ishirini na sita
hadi vidole vikakataa kunyooka;
Shwan kinyozi, Mkurdi, anayejua vichwa vya mtaa mzima
na yaliyomo;
kijana Callum, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi,
aliyeuliza swali moja tu jioni nzima:
"Kabla yetu, nani alikuwa anasema hapana?"
Mgeni wa London akaangalia kikombe chake.

Maombi thelathini na moja.
Paa la klabu ya ndondi. Kwaya ya wajane.
Basi dogo la kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu.
Na vyerehani vinne vya Mwavita,
Mwavita aliyemlaza mwanangu kwake siku kumi na moja
nilipokuwa hospitali.

Mwenye kisu kikali, tuliambiwa, ndiye mla nyama.
Hatukuambiwa habari za mwenye kisu
ambaye wote waliozunguka sinia ni watu wake
na nyama haitoshi.

Anayemjua mwombaji atoke nje:
sheria hiyo tuliiandika wenyewe, mimi nikiwa wa kwanza kunyoosha mkono.
Nikatoka. Koridoni kulikuwa na tangazo la paka aliyepotea.
Nililisoma mara nyingi kuliko mwenye paka.
Niliporudi, Denise alikuwa anakunja na kukunjua leso.
Wawili ndiyo, sita hapana. Basi limepita.

Mgeni akanisogezea karatasi, nembo ya mti juu yake:
"Tunasikitika" tayari imechapwa,
limebaki pengo la jina.
Nikamwambia, iache.

Nilikwenda kwa miguu, upepo wa mto Humber
ukinisukuma kama mdai.
Mwavita alifungua mlango, pini midomoni.
"Wamekataa," nikasema.
Kisha nikasimama pale kizingitini, mvua inaniingia shingoni,
nikasema tena:
"Tumekataa."
Silabi moja tu ilibadilika,
nikaiuma kama jiwe kwenye wali.

Nilimweleza kuhusu basi, kuhusu kura,
kwamba Shwan alimtetea hadi akapandisha sauti.
Akatoa pini moja moja,
akazichomeka kwenye mkono wa sweta.
Hakunikaribisha ndani. Mlango pia hakuufunga.

"Elfu arobaini mmegawana ninyi," akasema.
"Na London? Wamebakiza ngapi?"

Sikujua. Katika mikutano minne
hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza.
Nimeliandika swali lake kwenye kiganja
kwa kalamu niliyosahau kuirudisha maktaba.
Jumanne nitaufungua mkono mezani,
kabla hawajaweka birika motoni.