Mraba wa Mia Nne na Kumi na Saba

Kutoka juu, kilomita mia saba na ushee,
Ipole ni vidoa: kijani, kahawia,
na wekundu ambao mashine haikuuelewa.
Ofisini Tabora nikapewa orodha,
pikipiki, lita sita za mafuta:
nenda ukahakiki.

Mraba wa mia nne na kumi na saba.
Mita kumi kwa kumi,
nyumba ya mwalimu na ua wake.
Kompyuta imeuandika: miti inakufa.

Ni Septemba. Mchanga umelegea, gurudumu linazama.
Namkuta Mlekwa Kaswiza akikagua mzinga,
shavu moja limemvimba, anacheka.
Namwonyesha picha. Anaitazama
kama mtu aliyeletewa hati ya deni lisilo lake.
"Hii ndiyo mitundu yangu?
Mwambie huyo wa juu: haifi. Inavaa."

Nikainua macho.
Majani machanga, mekundu kama ulimi wa ndama,
yananing'inia, hayajajua kusimama,
yamechipua mvua ikiwa bado huko Kongo
haijafunga hata mizigo.
Mtundu hukopa maji chini, hulipa Novemba.
Jina linajieleza: ulifanya utundu,
na setilaiti ikapita juu ya harusi
ikaandika msiba.

Nikafuta. Nikaandika: mzima.
Mlekwa akanikatia sega.

Ningegeuza pikipiki hapo.
Lakini chini ya mia nne na kumi na saba
kuna mia nne na kumi na nane,
nyuma ya kichuguu, na huo mashine
imeupaka kijani cha kupendeza, haikuweka hata alama ya kuuliza.
Bahati nasibu ya uhakiki, iliniangukia tu.
Mlekwa akasema njia ile ina siafu.

Haikuwa na siafu.
Ilikuwa na visiki thelathini na kimoja, vya mwaka jana,
na kila kisiki kimejaa machipukizi hadi magotini,
mabichi, mengi, yanang'aa kuliko msitu.
Jicho la juu lilihesabu majani.
Urefu haukumo katika hesabu yake.
Nyayo za mkokoteni zilikwenda moja kwa moja
hadi kwenye bani la tumbaku, mlango wazi, masizi hadi darini.

"Ni mkwe wangu," akasema, akitazama mzinga ambao haukuwepo.
"Tumbaku hutaka moto siku saba, usiku na mchana.
Binti yangu anakula humo."
Kisha, taratibu:
"Huyo wa juu amesema kijani.
Wewe ni nani wa kumbishia?"

Simu ilibaki na chaji asilimia tisa.
Fomu hutaka herufi moja tu:
haina mahali pa mkwe, wala pa binti,
wala pa nta inayonata menoni mwa mwandishi.
Siku tano tena jicho lingepita, lingeona kijani tena.

Nikaandika V.

Hakuniaga.
Ila dumu la asali la kupeleka mjini
alilifunga mwenyewe nyuma ya pikipiki,
akaujaribu mpira kwa kidole,
akaukaza tena.